Mzunguko wa Gervas

Gervas alipita nyumbani kwao Jumapili moja ya mwezi wa saba, baada ya misa ya pili, wakati Mwalimu Kokushubila amekaa barazani anasahihisha madaftari ya kidato cha nne. Swali lilikuwa jepesi. Umepewa umbali wa sayari kutoka kwenye jua. Tafuta inachukua muda gani kulizunguka. Nusu ya darasa walikuwa wamezidisha umbali kwa wenyewe mara tatu, kama walivyoelekezwa, wakaishia hapo. Walisahau kutafuta kipeuo cha pili, na kwa hesabu zao Mshtarii ilikuwa inatumia zaidi ya karne kufanya kazi ya miaka kumi na miwili.

Mwalimu aliinua kichwa kupumzisha shingo, akamwona Gervas kwenye kona ya ukuta wa jirani. Alikuwa na koleo begani. Saruji mbichi ilimfika kiunoni, na bado ilikuwa inang'aa kwa umajimaji. Mguu wake wa kulia ulikuwa hewani.

Akafunga daftari, akaenda uani. Mama mwenye nyumba wake, Margareta, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Mjukuu wake, Asifiwe, alikuwa pembeni akidokoa machicha.

“Mama, Gervas anapita,” alisema Mwalimu.

Margareta alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akanawa mikono, akajifunga kanga safi juu ya ile ya jikoni, akachukua kigoda kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, akatoka.

Hapakuwa na haja ya kukimbia. Hatua moja ya Gervas ilichukua muda wa kusali Salamu Maria nne. Margareta alijua kwa sababu alizisali. Aliweka kigoda mbele ya mwanawe, akakaa mpaka Gervas akamfikia na kumpita, akainuka, akakisogeza, akakaa tena. Alimpa habari zote. Alimwambia kwamba chumba chake hakikupangishwa, kwamba mama yake Asifiwe yuko Omani anafanya kazi za ndani na anapiga simu kila Ijumaa, kwamba lile bati lililokuwa linavuja limeshabadilishwa. Gervas hakugeuza shingo. Macho yake yalikuwa wazi, yanaangalia upande wa kusini, na vumbi la barabarani lilikuwa limetua juu yake bila yeye kupepesa. Asifiwe alimshika suruali, akaiachia, akajipangusa mkono kwenye gauni.

“Wa baridi,” alisema mtoto.

“Ndo alivyo sasa,” alisema bibi yake. “Muamkie baba.”

“Shikamoo baba.”

Walimsindikiza hivyo mtaa mzima, mpaka adhana ya magharibi, alipoingia kwenye ukuta wa ghala la mbao na wao wakashindwa kumfuata.

Wakazi wa upande ule wa Chamazi hawakuona ajabu, kwa kuwa walikuwa wameshamzoea Didas. Didas, Twalib na Gervas walikuwa vibarua kwenye ujenzi wa ukumbi wa harusi wa Godlisten, ule mkubwa wenye vioo vya bluu. Wakati wa masika ya mwaka uliotangulia walikuwa wanachimba shimo la tangi la maji chini ya ukumbi, na baada ya hapo hawakuonekana tena. Godlisten aliwaambia ndugu zao kwamba vijana walichukua chao Jumamosi, wakaaga, wakaenda Msumbiji kwenye machimbo ya vito. Vijana wengi walikuwa wanakwenda Msumbiji, kwa hiyo maneno yake yalikaa. Mwaka uliofuata ukumbi ulifunguliwa, na juma hilohilo Didas akaanza kupita.

Didas hakuwa na ndugu mjini. Alipita bila mtu wa kumsogezea kigoda. Kila baada ya juma moja alirudi palepale alipoanzia, siku ileile, saa ileile. Jumatano mchana alikatiza sebuleni kwa familia moja ya nyuma ya msikiti. Walisogeza kochi na kabati la vyombo, na watoto wao walizoea kula wakiwa wamemwachia njia katikati. Alhamisi alikuwa kwenye kona ya bodaboda, na madereva walimpitia kulia na kushoto kama wanavyopita nguzo ya umeme. Mbwa walikuwa wanalala chini akikaribia, wanaweka videvu mchangani mpaka aishe kupita. Alinuka zege jipya. Hakuna aliyemgusa mara ya pili.

Kwa hiyo Margareta aliamini kwamba mwanawe naye atapita kila Jumapili. Jumapili iliyofuata alipika wali wa nazi na samaki, ingawa alijua Gervas hatakula, akaweka kigoda nje. Gervas hakupita. Jumapili ya pili hakupita. Siku moja jioni alimfuata Mwalimu chumbani kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ampangishe, akasimama mlangoni.

“Mwalimu, wewe si ndo unafundishaga mambo ya sayari? Zile zinazolizunguka jua?”

“Ndiyo, mama.”

“Unajuaje ipi itarudi lini?”

Mwalimu alimsogezea kiti. Alimweleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake, bila kuharakisha. Sayari iliyo karibu na jua inavutwa kwa nguvu, inakwenda mbio na njia yake ni fupi. Zebaki inamaliza kabla hujakaa sawa. Iliyo mbali ina njia ndefu, na juu ya hapo inajikokota. Zohali inaweza kumpita mtu mara mbili tu maishani, labda tatu. Umbali na muda vimefungwa pamoja. Ukijua kimoja, cha pili unakipata kwa hesabu.

“Basi nipigie hesabu ya Gervas,” alisema Margareta.

“Lazima kwanza nijue anazunguka nini.”

Margareta alionyesha barabarani kwa kidevu. “Kamfuatilie Didas,” alisema, “utajua.”

Mwalimu Kokushubila alimfuata Didas juma zima, baada ya vipindi. Alikuwa mwanamke wa Muleba, mrefu, asiyependa kubahatisha. Alisimama kila mahali alipopita Didas, akaweka alama kwenye karatasi ya grafu, na alama zilipokuwa za kutosha akaziunganisha. Zilitoa duara safi ambalo wanafunzi wake wasingeweza kulichora hata kwa bikari. Akatafuta katikati ya duara. Paliangukia kwenye ukumbi wa Godlisten, upande wa jikoni, penye mfuniko wa tangi.

Alipomwonyesha, Margareta hakuiangalia karatasi.

“Walikuwa wanachimba tangi,” alisema. “Gervas aliniambia siku ile asubuhi. Alisema udongo unadondoka, wamemwambia bosi alete mbao za kuzuia, bosi kasema kesho.”

“Kwa hiyo udongo uliwafukia.”

“Na lori la zege lilikuwa limeshaagizwa,” alisema Margareta. “Nililiona likipita hapa. Nilisema, leo mwanangu atachelewa kurudi.”

Margareta aliinuka, akaupuliza uji wa Asifiwe mpaka ukapoa.

Kabla ya kumpigia hesabu Gervas, Mwalimu alitaka kuijaribu kanuni kwa mtu mwingine, kwa sababu hakuna sababu ya kuamini kwamba marehemu wa Chamazi watatii kanuni iliyotungwa kwa ajili ya Zuhura na Mirihi. Alimtafuta Mwishehe, kaka yake Twalib, anayeuza nazi za jumla sokoni Buguruni. Mwishehe alikuwa amemwona mdogo wake mara moja tu, kwa bahati, nyuma ya stendi ya Rangi Tatu, akamsindikiza mpaka miguu ikamuuma, kisha akampoteza kwenye nyumba za watu. Alikumbuka siku. Hata asingekumbuka yeye, mkewe alikumbuka, maana alirudi nyumbani bila nazi na bila kusema neno.

Njia ya Twalib ilikuwa mbali na ukumbi mara nne ya njia ya Didas. Nne kwa nne kwa nne, kisha kipeuo cha pili: nane. Didas alitumia juma moja. Twalib angetumia majuma manane.

“Jumanne ijayo,” Mwalimu alimwambia Mwishehe. “Palepale ulipomwona.”

Jumanne Mwishehe alifunga meza yake mapema, akavaa kanzu, akaenda. Mwalimu alimkuta ameshafika, ameegemea ukuta wa choo cha stendi. Twalib alitokea kwenye ukuta wa duka la dawa kama mtu anayetoka majini: kwanza ncha ya kiatu, halafu goti, halafu uso, na mkono uliokunjwa kama umeshika kamba ya ndoo. Abiria walimpisha. Mwishehe alisogea, akatembea naye ubavuni, akamsomea Yasini kwa sauti ndogo, na kwa mwendo ule aliimaliza kabla mdogo wake hajavuka uchochoro.

“Kwa hiyo atakuwa anakuja,” alisema baadaye, akijifuta jasho.

“Kila baada ya majuma manane.”

“Si haba,” alisema Mwishehe. “Alivyokuwa hai alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, Idi.”

Hesabu ya Gervas haikuwa rahisi hivyo, kwa kuwa Gervas hakuzunguka duara. Gaspar, mdogo wake Margareta, ambaye ana shamba la mihogo Mkuranga, alipiga simu kusema mpwa wake amekwishaonekana Vikindu, anakatiza shule. Baadaye akapiga tena: sasa yuko Mkuranga, ameingia kwenye mikorosho ya watu, na mwendo umepungua. Alikuwa anaenda kusini moja kwa moja, mbali na ukumbi, kama mpira uliopigwa juu. Na mpira uliopigwa juu, ukijua unavyopunguza mwendo, unajua utafika wapi kabla ya kugeuka. Mwalimu alikaa na hesabu hiyo siku mbili. Aliirudia kwa njia nyingine, ikatoa jibu lilelile.

Alimkuta Margareta anachambua mchele.

“Anakwenda mpaka upande wa Masasi,” alisema. “Huko ndiko atageuka.”

“Masasi ndo kwao,” alisema Margareta. “Kwetu.”

“Ndiyo, mama.”

“Na kurudi hapa?”

“Kufika kule, miaka thelathini. Kurudi, thelathini mingine.”

Margareta alipepeta mchele, akatoa kijiwe, akakitupa. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

“Basi twende kituoni kwanza,” alisema.

Afisa wa polisi waliyemkuta kituoni hakuwa mtu mbaya. Aliwapa benchi, akamsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, hata mambo ya vipeuo, na alikuwa anaitikia kwa kichwa mahali panapostahili.

“Mlishaleta taarifa kwamba kijana amepotea?” aliuliza.

“Tulileta mwaka jana,” alisema Margareta.

“Na sasa mnasema ameonekana.”

“Mtaa mzima umemwona.”

“Basi hajapotea, mama. Aliyeonekana hajapotea.” Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema.

“Amekufa,” alisema Mwalimu.

“Mwili uko wapi?”

“Unatembea. Uko Mkuranga.”

Afisa aliweka kalamu mezani. “Mwalimu, mie nikiona mwili umelala nafungua jalada la kifo. Huu unatembea. Siwezi kumshtaki mtu kwa kuua watu ambao wananipita mie mwenyewe hapa nje kila Jumatatu asubuhi. Didas si nampishaga na pikipiki?”

“Ungevunja tangi,” alisema Margareta, “ungewaona.”

“Nitawaona mara mbili, mama? Huku na kule?” Akainuka kuwasindikiza. “Shikamoo mama. Poleni sana.”

Siku ya pili Mwalimu alikwenda ukumbini peke yake. Godlisten alikuwa anasimamia mafundi wanaotundika vitambaa vyeupe kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Alimkaribisha, akaagiza soda, akavuta viti viwili vilivyofungwa riboni. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mzee wa kanisa, na mtaani alijulikana kwa kutoa jenereta bure kwenye misiba. Mwalimu alimwambia kila kitu, akamwonyesha duara.

“Hapa katikati ndo hapa kwangu?” aliuliza Godlisten.

“Ni pale jikoni. Kwenye mfuniko.”

Godlisten aliigeuza karatasi, akaiangalia vizuri. “Nikuulize, Mwalimu. Hawa watu, kuna siku wamewahi kukatiza humu ndani?”

“Hapana.”

“Watakuja kukatiza?”

Mwalimu alitaka kusema vinginevyo, lakini hakuwa na hesabu ya kusemea. “Sayari haiingii kwenye jua,” alisema. “Inalizunguka tu.”

“Wananizunguka tu,” alisema Godlisten. “Wanakatiza kwa watu wengine, mpaka sebuleni, mpaka msikitini. Kwangu hawajakanyaga. Kama ningekuwa na kesi nao, si wangeanzia kwangu?” Akamrudishia karatasi. “Huyu wa kwanza namjua, ratiba yake haigongani na harusi. Wa Rangi Tatu yuko mbali. Na huyo wa tatu umesema anarudi lini?”

“Baada ya miaka sitini.”

Godlisten alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza kidogo. “Wakati huo ukumbi utakuwa wa wajukuu,” alisema. Alionekana ametuliwa mzigo. “Kunywa soda, Mwalimu, inapoteza ubaridi.”

Mwalimu aliiacha soda mezani. Njiani alipishana na Didas kwenye kona ya bodaboda, na kwa mara ya kwanza alisimama mbele yake, akamwamkia kwa jina. Nyuma ya shingo ya Didas, ndani ya kola, kulikuwa na udongo mwekundu wa shimoni, bado mbichi. Mwalimu alibaki pale mpaka Didas akampita, kwa sababu hakuona ni wapi pengine pa kwenda kusema.

Alipofika nyumbani alieleza alichojibiwa. Margareta alisikiliza huku anamsuka Asifiwe. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa anafikiria jambo jingine tangu mchana.

“Hebu nirudie kuelewa,” alisema. “Kadiri anavyokwenda mbali, mwendo unazidi kupungua?”

“Unazidi.”

“Hapa alinipita kwa mchana mmoja. Huko Mkuranga je?”

“Shamba la Gaspar peke yake linaweza kumchukua siku.”

“Na mbele?”

“Mbele taratibu zaidi. Akifika kule Masasi atakuwa anakaribia kusimama. Kijiji kimoja kitamchukua mwaka.”

Margareta alifunga utepe wa mwisho, akamgeuza mtoto, akamkagua nywele. “Basi mie namfikia,” alisema.

Juma lililofuata alipangisha vyumba vyake viwili kwa fundi seremala na mkewe, akafunga godoro, sufuria, mbuzi ya kukunia nazi na picha ya Bikira Maria, akapanda gari la Mkuranga na mjukuu wake. Mwalimu aliwabebea kigoda mpaka kituoni. Alimwambia asisahau dawa zake za presha.

Mwezi wa kumi shule ilifanya mahafali ya kidato cha nne, na Godlisten alitoa ukumbi bure. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Alizungumza vizuri kuhusu elimu, akaahidi darubini kwa ajili ya somo la Mwalimu Kokushubila, na wanafunzi walipiga makofi. Mwalimu naye alipiga, maana alikuwa amekaa safu ya mbele. Kabla ya pilau walipita na jagi na beseni kuwanawisha wageni. Maji yalimwagika mikononi mwa Mwalimu, baridi kuliko maji yanavyokuwa Dar es Salaam mwezi wa kumi, na yalikuwa na harufu ya saruji ambayo haijakauka. Aliwatazama wenzake. Walikuwa wananawa, wananusa vidole vyao, wanaendelea kuongea. Mwalimu wa Kiswahili alijipangusa kwenye leso yake muda mrefu, kisha akavuta sahani. Mwalimu Kokushubila alikula kwa kijiko.

Shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili alikwenda kuwatembelea. Hawakuwa tena Mkuranga. Walikuwa wamehama mara mbili, wakifuata nyuma yake, na sasa walikuwa wamepanga chumba cha udongo karibu na Kimanzichana, ng'ambo ya barabara kuu, kwenye mikorosho. Gervas alikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni, amesimama kati ya matuta ya mihogo, uso kusini. Mtu asiyejua angesema amesimama. Margareta alikuwa amemvika kofia ya mkeka kwa ajili ya jua, na kwenye mpini wa koleo lake kulikuwa kumeanikwa kanga ya mtoto.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba Mwalimu, karibu. Hujakonda.”

Margareta mwenyewe alikuwa amekonda kidogo, lakini uso ulikuwa umepumzika. Alieleza kwamba wenyeji hawana neno. Waliuliza siku ya kwanza tu kama huyu anakula, wakaambiwa hali, wakaridhika. Mwenye shamba alipanda mihogo yake kumzunguka. Sasa hatua moja ilikuwa inachukua fungu zima la rozari na zaidi, na Margareta alikuwa anapika, anafua, anakwenda sokoni, akirudi anamkuta. Kila baada ya majuma mawili au matatu walihamisha vitu kidogo.

Walikula ugali na kisamvu pale nje, Gervas akiwa amewapa mgongo.

“Na ukumbi?” aliuliza Margareta.

“Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi mbili. Moja mchana, moja usiku.”

Margareta aliitikia kwa kichwa, akaongeza mboga kwenye sahani ya Mwalimu.

“Nikuulize kitu,” alisema. “Baba yake hazeeki. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndo atabaki nayo. Huyu ana minne. Siku moja si atampita?”

“Atampita.”

“Baba yake atakuwa amefika wapi?”

Mwalimu alifunga macho kidogo. “Ndanda,” alisema. “Amebakiza kidogo kufika.”

“Kwa hiyo kuanzia Ndanda mtoto ndiye mkubwa. Nani atamwamkia mwenzake?”

Mwalimu alisema hilo halimo kwenye hesabu zake.

“Baba ni baba,” Margareta aliamua. “Ataamkia yeye, hata akiwa na mvi. Mie nitamkumbusha mpaka Lindi. Nikijitahidi nitafika Lindi. Kutoka pale itabidi aende mwenyewe.”

Asifiwe alikuwa amemaliza kula. Alinawa, akazunguka mbele ya baba yake kama alivyozoea kufanya kila siku baada ya chakula, akasimama mahali ambapo macho yale yanaangalia.

“Shikamoo baba,” alisema, akasubiri kidogo, akaenda zake kucheza.

“Njoo uone,” Margareta alimwambia Mwalimu. Walisimama pale alipokuwa amesimama mtoto. “Tazama midomo. Chamazi ilikuwa wazi. Tulipofika hapa imeanza kukutana.”

Mwalimu alitazama. Ilikuwa kweli. Midomo ya Gervas ilikuwa imegusana katikati, na pembeni bado ilikuwa wazi kidogo, kama ya mtu anayejiandaa kutamka.

“Kuna neno linakuja,” alisema Margareta. “Asifiwe anasema ni marahaba. Mie nasema mama. Yote yanaanzaga hivyohivyo.”

Mwalimu alifikiria neno la tatu linaloanza hivyohivyo, msaada, lile ambalo mtu hulipaza kuwaita walio juu ya shimo udongo unapoanza kumfukia. Hakulisema. Upepo ulipita kwenye mikorosho, ukatikisa kofia ya Gervas, na Margareta akainyoosha.

“Tutalisikia lini, Mwalimu?”

Mwalimu Kokushubila alikunja gauni, akachuchumaa kwenye mchanga mbele ya miguu ya Gervas, akaokota kijiti. Aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, na safari hii hakusahau kipeuo. Kivuli cha Gervas kilikuwa kimekwisha kumfunika mkono alipomaliza.

“Mkifika Kibiti,” alisema, “mtakuwa mmesikia herufi ya kwanza.”

“Kibiti nina mtu,” alisema Margareta. “Atatutafutia chumba.”